Aliyeniomba Miguu

Cheka ukitaka. Mimi ndiye mchekeshaji wa darasa letu huku upande wa Sironga, na hata nikisema naumwa na tumbo watu hupiga makofi. Lakini hili lilinitokea mwaka jana, Keroka, nikiwa na akili zangu zote, hizo chache nilizo nazo.

Mimi huchora vikatuni. Mwalimu wa hesabu huwa mbuzi mwenye tai, mpishi wa shule huwa sufuria yenye macho. Kitu kimoja tu kilikuwa kimenishinda: miguu. Kwa hiyo watu wangu wote walikuwa wanasimama kwenye nyasi ndefu. Hata mwalimu akiwa ubaoni, nyasi. Hata padri madhabahuni, nyasi!

Sasa, dada yangu mdogo, Kwamboka, hakuwahi kuujua uso wa mama yetu. Mama alifariki Kwamboka akiwa bado ananyonya. Picha zote zilikuwa kwenye simu, na simu, mnisamehe, ilitumbukia chooni. Kitambulisho kilirudishwa serikalini. Kilichobaki duniani ni kikatuni nilichochora nikiwa darasa la tatu: kichwa cha mviringo, mdomo wazi unacheka, mkungu wa ndizi begani, nyasi. Chini yake nimeandika BABA. Usishangae. Kwetu, kwa Ekegusii, baba ndiye mama; mzazi wa kiume tunamwita tata.

Kwamboka alipoanza kuuliza, "Mama alikuwa anakaa aje?", nilimwonyesha kile kikatuni. Akakitazama. Akakigeuza. Akasema, "Hii ni chungwa."

Ningefanya nini? Nilikipeleka kwa mchoraji wa mabango mjini Kisii, anigeuzie kiwe picha ya kweli ya rangi ya mafuta. Mtu mzuri, mgeni kutoka pwani. Akasoma BABA, akamwekea mama yangu masharubu. Nyanya yetu, Magokoro, alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia. Kwamboka alilia tu.

Basi, siku moja ya likizo Magokoro alinituma Keroka kununua misumari kwa Baba Kiran, yule Mhindi wa duka la vifaa vya ujenzi ambaye Ekegusii yake inashinda yangu. Kabla sijafika mlangoni, mvua ya mawe ikashuka na stima ikapotea. Nikakimbilia ngazi za kando ya duka. Juu kulikuwa kunanukia tapentaini. Je, wewe ungebaki chini? Mimi nilipanda.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja, gauni refu, alikuwa dirishani mbele ya kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu.

"Ingia," akasema. "Toa hiyo karatasi mfukoni kabla haijalowa."

Niamini, sikuwa nimemwambia kuhusu karatasi yoyote. Nikaitoa, kile kikatuni cha mama ninachotembea nacho. Akaisoma, akacheka. "BABA. Kwa hivyo ni mama yako."

Nilitaka kumkumbatia hapo hapo.

Akaanza kupaka. Rangi ya mafuta haiharakishwi, kila mtu anajua, lakini yeye alikuwa anaenda dirishani, anarudi, na kila akirudi chungwa langu lilikuwa limepata kitu: shavu, nyusi, kovu dogo kidevuni ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Nyayo zake sikuzisikia. Nilidhani ni kwa sababu ya kelele za mvua kwenye mabati. Mwishowe mama yangu alikuwa ananicheka kutoka kwenye kitambaa, na mahali pa nyasi palikuwa na buti mbili za mpira, moja nyeusi, moja kijani.

"Mbona umempa miguu?" nikauliza, kama mjinga.

"Alikuwa nayo. Kwa nini wewe huchori?"

"Inanishinda, mama. Ndiyo maana ninaweka nyasi."

"Na mtu akitaka kutoka kwenye hizo nyasi?"

Akanisukumia penseli. "Sasa nichore mimi. Mzima."

Nikachora kichwa, mabega, gauni. Nikafika chini, nikainama kuangalia viatu vyake. Gauni lilikuwa linaishia hewani. Chini yake sakafu tu.

Ningekimbia, lakini miguu yangu pia ilikuwa imenikataa.

"Chora tu, kijana wangu," akasema polepole. "Hata ikiwa mibaya."

Nikachora. Ikatoka kama ndizi mbili, ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Akaitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mbuya mono," akanishukuru, akapita mlangoni. Na sasa nilisikia nyayo, zinashuka ngazi: tap, TUP. Tap, TUP. Ile ya kushoto nzito.

Nikabeba picha yangu, nikashuka. Baba Kiran alikuwa mlangoni.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu, kwa fundi wa rangi."

"Fundi gani? Juu ni stoo!" Halafu akaiona picha. "Huyu ni yule mama wa ndizi. Alikuwa anauza hapa nje. Yule mama fundi aliyekuwa akichora huko juu zamani, alipokatwa miguu hospitalini kwa sababu ya sukari, huyu ndiye alikuwa anampandishia chai kila siku, mpaka fundi akafa. Wewe ni mtoto wake?"

Nyumbani, Magokoro aligusa zile buti. "Nani alikuambia? Mbwa aliiba moja ya mama yako, naye akavaa moja yangu badala yake." Kwamboka akaisogelea picha. Kisha akaweka kidole kwenye meno ya mama, kisha kwenye yake.

"Ako na pengo langu," akasema.

Picha iko ukutani mpaka leo. Yote imekauka isipokuwa ile buti ya kijani. Kwamboka huigusa asubuhi kabla ya kwenda shule, na mwalimu wake ameacha kumuuliza kwa nini kidole chake ni kijani. Nami kila jioni nasema mbuya mono, kwa wote wawili, mama na fundi.

Kwa hivyo wewe unayechora nyuma ya daftari, nisikilize. Chora vibaya, chora ndizi, lakini usimwache mtu kwenye nyasi. Huenda kuna mahali anataka kwenda.