Meno Yaliyofungwa kwa Fedha

Mume wangu alinivunja taya kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya mhogo. Majirani wa Kabambare walisema shetani alimwingia. Shetani gani? Tulikuwa mimi, yeye na mchi, na kosa langu lilikuwa kumuuliza kwa nini alikaa kwenye machimbo ya Salamabila miezi mitatu bila kututumia hata salamu.

Nilipelekwa hospitali ya Kasongo kwa pikipiki, taya limefungwa kwa kitenge. Kila shimo la barabara lilinipiga upya. Nilimlaani dereva moyoni, naye maskini alikuwa mtu mwema.

Daktari wa meno, mgeni kutoka Bukavu, hakuwa na vyuma vya kuungia taya. Alikuwa na vile vya kunyooshea meno: vifungo vidogo vinavyogandishwa kwenye kila jino, na waya unaopita juu yake. Akavitumia hivyohivyo, akafunga meno ya juu na ya chini pamoja.

"Mama, ndani hautaweza kusugua," aliniambia. "Lakini hii vyuma walipaka fedha, ile ya kufanya pete, kavumbi kadogo sana, macho haione. Mikrobe ikigusa pale, inakufa."

Kweli, mdomo wangu haukuoza. Nilikunywa uji kwa mrija na hasira yangu yote. Kuna watu waliokaa mahali wakawaza jinsi ya kumuua kijidudu asiniguse, na huku mwenye kunivunja alikuwa akitembea sokoni akisalimiwa.

Wiki ya tatu wazee wa mume wangu wakaja kwa baba yangu mdogo, nilikokuwa nimelala, wakiwa na mbuzi wa suluhu. Walitaka nirudi, mimi na watoto wangu wawili. Baba mdogo akawaomba wangoje nipone, niseme mwenyewe. Hawakutaka kungoja. Walijua vizuri kwa nini wamekuja mapema.

"Mwana, unarudia kwa bwana yako?" mjomba wa mume wangu akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Anatikisa sababu ya maumivu," akawaambia wenzake.

Nikapiga kiti kwa kiganja, nikanguruma. Akatabasamu, mwongo mkubwa yule.

"Hata siku ya ndoa alinyamaza, na tukajua amekubali. Mutu akinyamaza, amekubali. Tufunge maneno."

Baba mdogo akaniangalia. Ndivyo desturi ilivyo, na mimi kweli nilinyamaza siku ile, nikiwa na miaka kumi na saba.

Daktari alikuwa amenipa koleo ndogo ya kukatia waya, ikitokea nimetapika, nisipaliwe nikafa. Kwa jambo lingine lolote alinikataza: mfupa ulikuwa mbichi bado, ungeunga upande. Nikaitoa koleo ile. Nikakata waya mmoja, wa pili, wa tatu, mkono ukiteleza na kunichana fizi. Damu ikamwagika kifuani. Mama mmoja akapiga yowe. Nikafungua mdomo, na maumivu yaliyonipata sikuyasikia hata nilipozaa.

"Sirudi," nikasema. Nikarudia, asije akasema hakusikia.

Baba mdogo akainuka, akafungua kamba ya mbuzi, akamwekea mjomba mkononi.

Taya liliunga upande. Nikitafuna mhogo linagonga, na mtu mgeni mezani hugeuka kutazama. Watoto wangu hawageuki. Wanaendelea kula.