Glasi Aliyoifunika Mama Neema

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja kitu. Sipati faida yoyote kwa kuyasimulia, zaidi ya binti yangu Neema kusema mzee ameanza kuchoka akili.

Mke wangu, Mama Neema, alifariki mwaka juzi. Tulikuwa tumepanga nikistaafu tuvuke ziwa kwa kivuko cha Kamanga kutoka kwetu Mwanza, tuzunguke taratibu kwenye mashamba ya rozela, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, kando ya ziwa, tuonje mvinyo unaotengenezwa na akina mama wa huko, tulale gesti nzuri kama maharusi. Nikaenda peke yangu. Siku ya pili, alasiri, nikaona gesti ndogo yenye baraza na maua, inatazama maji. Niliipenda papo hapo.

Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, akaweka glasi mbili mezani. Nikamwambia niko peke yangu.

"Mwenzako anaoga," akajibu, kama jambo la kawaida kabisa.

Nikasikia maji yakimwagika. Nikasikia na kikohozi kile, ambacho ningekitambua hata katikati ya soko. Wewe ungekimbia? Mimi nilikaa, tena nikarekebisha kola ya shati.

Akatoka amejifunga kitenge chake cha bluu, akaketi mbele yangu. Mungu wangu, nilivyokuwa nimemkumbuka! Mwenye nyumba akamimina mvinyo. Sasa, huku kwetu anayemimina kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni, kumwonyesha kwamba hakina sumu wala uchawi. Yule hakuonja. Niliona kabisa. Nilijua nikinywa sirudi tena Mwanza, na nilitaka nisirudi.

Nikainua glasi. Mke wangu akaifunika kwa kiganja.

"Baba Neema, huyu hajaonja."

"Najua."

"Sasa Neema unamwachia nani?"

Nikaona aibu, nikamgeukia mwenye nyumba nimuulize kwa nini hakuonja. Niliporudisha macho, hapakuwa na mke, meza wala gesti. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe katikati ya rozela, jua bado kali.

Nimevuka Kamanga mara nne tangu siku ile. Niamini, sijaiona ile gesti.

Ukikutana na mtu wako namna hiyo, usinywe. Lakini usimgeuzie kisogo hata kidogo. Mimi nilikuwa na maneno ya miaka miwili ya kumwambia, nikaishia kumwambia "najua."