Kamba ya Shingoni mwa Fundi wa Funguo

Fundi wa funguo wa mtaa wetu hapa Barranquilla, Kolombia, huongea zaidi na magari kuliko na watu. Kila ufunguo huugonga kwanza kwenye jino, akausogeza sikioni. Mimi nakaanga arepa, vimkate vya mahindi, mbele ya kibanda chake na hadi leo sielewi huwa anasikia nini. Jana Doña Nubia, mjane, alikuja akilalamika kwamba gari likiwaka linazima papo hapo. Kwenye kishikio chake cha funguo kulikuwa na funguo mbili za gari. Fundi akatoa mmoja, gari likanguruma. Akaurudisha, likazima. Nikachanganyikiwa.

“Mama, gari ni zima. Kila ufunguo una kidude ndani kinachojitaja jina. Hizi mbili zinajitaja kwa pamoja, gari halijui limwitikie nani. Huu mwingine wa nini?”

“Wa gari la marehemu. Tulishaliuza.”

“Basi uache nyumbani.”

“Wewe una wazimu?”

 Fundi alivua kamba yake ya shingoni, ile tuliyoamini ina medali ya Bikira Maria. Ilikuwa na ufunguo wa gari. Akautia mfukoni, akafunga ule wa marehemu kwenye kamba, akamvisha mama. “Hapo ufunguo uko mbali na swichi, gari halitausikia.”

Mama alipoondoka nikamuuliza, maana fundi huyu hajawahi kuwa na gari: “Kaka, ule wako ni wa gari gani?”

“Arepa zako zinaungua,” akasema.

Hata sikuwa nimewasha jiko.