Jumamosi Niliyoiandika Ubaoni

Mimi nina wivu, na afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na mdogo wangu.

Miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa maelfu na magari ya misaada yakitimua vumbi Kasulu nzima, nilikuwa mtunza bustani kwenye jumba la zamani la mwami, chifu wetu Waha. Mwami mwenyewe alishafariki, na utawala wake ulikwisha kabla yake. Binti yake, mwanamke mzee tuliyemwita Bibi, alikodisha sebule kubwa kwa semina na bustani kwa harusi. Mawaridi yote ya pale niliyapanda kwa mikono yangu. Bogenvilia niliitoa Munanila ikiwa kijiti tu.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwaonyesha wateja mahali. Walitaka kuona biharusi ataonekanaje, basi nilikaa mimi kwenye kiti chake chini ya bogenvilia, matope miguuni, wao wakitazama kutoka langoni.

"Sogea kushoto kidogo, mama."

Nasogea. Nimekalia kiti kile mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Buha, na hata siku moja sikukikalia kwa ajili yangu. Mimi na mume wangu, fundi baiskeli wa sokoni, tulianza maisha bila padri. Tukapata watoto watatu, na kila nilipomkumbusha habari ya kubariki ndoa alijibu, "Mwakani." Kwa hiyo kila Jumamosi niliwachukia wanawake wa watu waliokuwa wakicheka katikati ya mawaridi yangu. Niliwachukia kweli kweli, huku nikiwafutia viti.

Ndipo akaja mdogo wangu. Alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa Kibondo, na wakwe wa Mabamba, huko huko Kibondo, walishapanga kuja na lori zima. Nikamkalia kiti kama ilivyo kawaida. Akanitazama kutoka langoni, akapiga makofi.

"Dada, ni hapa hapa! Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka."

Huyu ndiye aliyesomeshwa, mimi nikabakizwa nyumbani nilime. Na sasa kiti changu pia! Roho iliniuma mpaka nikahisi uchungu mdomoni.

"Siku hiyo imeshachukuliwa," nikasema.

Siku zilizochukuliwa tuliziandika kwa chaki kwenye ubao wa langoni, pamoja na majina ya maharusi, ili watu wasigongane. Akautazama.

"Mbona haipo?"

"Sijaiandika bado."

"Si uandike basi, nione ni kina nani."

Nikachukua chaki. Kichwani hapakuwa na jina hata moja la kusingizia. Nikaandika la mume wangu, na chini yake langu.

Akasoma. Kisha akanikumbatia, machozi yakimtoka. "Yoo, dada! Kumbe ni wewe! Ungeniambia tangu mwanzo, nisingeitaja kabisa siku hiyo." Kabla sijapata kitambaa cha kufutia ubao, alikuwa ameshashuka sokoni kutangaza.

Mchana mume wangu akaja, mikono imejaa grisi. Wateja wake walikuwa wamempongeza tangu asubuhi. Akausoma ubao, nami nikangoja aufute.

"Viatu vyangu vya kahawia vitafaa?" akauliza.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Padri alifurahi, maana alishachoka kutusihi. Jumamosi ile nikakikalia kiti nikiwa na miguu safi, na nikasogea kushoto kidogo bila kuambiwa. Mdogo wangu alinishikia mwavuli kutwa nzima. Nilimchungulia usoni nione kama amenuna, hata kidogo tu. Hakununa. Nilikasirika, kwa sababu mimi ningenuna.

Jumamosi zilizofuata zilishachukuliwa na watu wa semina, sebule na bustani pia, na wakwe wa Mabamba hawakutaka kungoja. Harusi yake ikapelekwa kwenye darasa la shule ya msingi, wiki mbili baada ya yangu. Asubuhi ya siku hiyo nikaingia bustanini na mkasi, nikakata kila ua lililofunguka na mengine ambayo hayajafunguka. Bibi akatoka barazani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Ninalipa, Bibi."

Akaitazama bustani yake tupu, akarudi ndani. Nikayafunga maua kwenye baiskeli ya mume wangu, tukasukuma hadi shuleni safari tatu. Tukafunika ubao, madirisha, mpaka boriti za paa.

Watu walipoingia waliduwaa. Mama mmoja wa Mabamba akashika kichwa akasema, hata huko jumbani hajaona harusi iliyopambwa hivi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, pale ambapo mteja angesimama, nikimwelekeza mdogo wangu asogee kushoto kidogo. Akasogea, akanicheka. Alipendeza kuliko nilivyopendeza mimi, na maua yote yalikuwa yangu.

Nikaona wivu.