Nilienda kujiandikisha jeshini baada ya kupunguzwa tumbo: makovu yangu na chale za Kalenga

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi niko Lubumbashi, kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kimechanika mahali, kishoneni wenyewe. Haya ninayoyaandika yamenipata mimi, si binamu wala rafiki wa rafiki. Chumvi sijaongeza, na chumvi yenyewe daktari alinikataza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari, nikapata diplôme, nikakaa. Wenzangu walipokuwa wanakwenda Kasapa chuoni, mimi nilikuwa nakwenda jikoni.

Nikazidi kunenepa. Sisemi ule unene wa kupendeza, wa kufanya watu waseme baba yako ana kazi nzuri. Nasema unene wa kuangalia kiti cha watu mara mbili kabla ya kukikalia. Vijana wa pikipiki za abiria wakiniona natoka getini, waliwasha na kuondoka.

Dada yangu mkubwa, Yaya Clarisse, ameolewa Afrika Kusini. Alikuja kwenye msiba wa baba, akaniona nashindwa kusimama makaburini mpaka sala iishe. Nadhani siku hiyo alinililia mimi kuliko baba. Akanichukua, akanipeleka kwao, nikafanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo.

Kwa wasiojua: hawakupasui kama mama anayejifungua. Wanakutoboa vitundu vitano vidogo tumboni, wanapitisha vyuma vyao, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Unabaki na kitu kama ndizi moja. Unakula vijiko vichache, polepole, unatafuna mpaka taya zichoke. Ukiharakisha, unatapika mbele za watu.

Mwili ukaisha. Nikarudi nyumbani na makovu matano na ngozi inayoning'inia kama shati la kuazima.

Hapo shida ikaanza, wakuu. Zamani mtu akimuuliza mama, "Kijana wako anafanya kazi gani?" mama alinyoosha kidole tu kwenye kiti changu, na yule mtu alielewa. Sasa hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Nilibaki mvivu wa kawaida.

Wakati huohuo redio ilikuwa inaita vijana. Vita mashariki, nchi inaliwa, njooni. Nikasema naenda. Msidhani ni ushujaa. Mwili huu ulinizuia kila mahali tangu utotoni, nikataka mara moja uhitajiwe na mtu.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye? Soda? Mutoto wangu, hata mbuzi ya jirani ilikufukuzaka!"

(Soda kwetu ni askari, si kinywaji.)

Nikaenda. Kambi ni ya nje ya mji, upande gani sitaji, nina mama.

Tulipangwa mstari, mashati chini. Nyuma yangu alikuwa kijana mwembamba anaitwa Kalenga, mtu wa kaskazini, anakaa na shangazi yake huku kwetu, mtaa wa Annexe. Aliniangalia tumbo, akashindwa kuvumilia.

"Grand, hii ngozi ni ya nani? Mwenyewe atakuya kuichukua saa ngapi?"

"Mwenyewe alikufa," nikamjibu. "Mi niliriti."

Tukacheka. Tulicheka sana, kama watu waliojuana toka zamani. Kumbukeni kwamba tulikuwa tumejuana kwa muda wa mstari ule tu.

Adjudant, afande aliyekuwa anatukagua, akafika kwangu, akasimama. Akainama, akaanza kugusa makovu kwa kidole, moja moja.

"Hii ni nini ku tumbo?"

"Operesheni, mon adjudant."

"Ya nini?"

"Ya kupunguza tumbo. Juu nisikule mingi."

Akageukia wenzake. "Musikie huyu! Mu hii inchi bantu banatafuta chakula banakosa, yeye alienda kukatisha tumbo juu asikule!" Wakacheka wote. Halafu yeye akaacha kucheka. "Nani alikuchanja?"

Niwaeleze. Kule kaskazini kuna makundi ya msituni, na watu wao huchanjwa dawa mwilini, wakiamini risasi itageuka maji. Kwa hiyo kwenye mstari ule hawaangalii meno tu. Wanatafuta chale. Wanaogopa adui asijiandikishe kama kuruta.

Wakamwangalia na Kalenga. Yeye alikuwa nazo za kweli, kifuani na kwenye viwiko, ndogondogo, za zamani. Bibi yake alimchanja akiwa mtoto mchanga, alipokuwa anashikwa na degedege. Nusu ya watu wa kule wanazo. Lakini tulikuwa tumecheka pamoja, na kwa adjudant hiyo ilitosha. Watu wawili wa kundi moja.

Wakatufungia kwenye kontena, moja ya zile za kubebea madini. Mchana ni jiko, usiku ni friji.

Chakula kilikuja mara moja kwa siku, bukari, yaani ugali, na maharagwe, beseni moja kwa watu wote mliomo. Mkono ukichelewa, umekosa. Na mimi natafuna kama bibi asiye na meno. Siku ya kwanza nilipata matonge mawili, la pili likarudi.

Kalenga akaniangalia natapika pembeni. "Grand, kumbe ni kweli. Balikukataka tumbo."

"Nilisema bongo?"

"Mi nilizani ni bongo. Bongo ya muzuri."

(Bongo kwetu ni uongo, si akili.)

Kuanzia siku iliyofuata alikuwa anachota tonge la kwanza, analificha kwenye upindo wa shati lake, na beseni likiisha ananipa. "Kula polepole, papa mukubwa. Mi nakuangaliria mulango."

Hakuwahi kuniona kabla ya wiki ile. Sijui kama mimi ningefanya hivyo. Kwa ulafi niliouzoea tangu utotoni, nadhani ningelila.

Walikuwa wanatutoa mmoja mmoja kutuuliza. Dawa mlichanjwa wapi? Kiongozi wenu nani? Mimi nilipigwa makofi, na mkanda mara kadhaa. Kalenga alikuwa anakaa huko muda mrefu zaidi. Mara ya mwisho alirudishwa haongei, akalala kwa ubavu, akaweka kichwa kwenye mguu wangu bila kuomba ruhusa.

Kumbe kijana mmoja wa avenue yetu, aliyekataliwa mstarini siku ile kwa sababu ya macho, alikwisha kumwambia mama. Mama alikuja mara ya kwanza akafukuzwa. Mara ya pili akaja na suruali yangu ya zamani.

Wakuu, mama hakubishana. Aliikunjua ile suruali mbele ya adjudant, kama mtu anayetandika kitanda. Akasema, "Hii ni ya mutoto wangu. Mafuta yake ilienda wapi kama si docteur?"

Soda mmoja akaingia mguu wa kushoto. Mwenzake akaingia wa kulia. Wakafunga kifungo, wakatembea ndani yake uwanja mzima, na kambi yote ikacheka. Wakaniita nisimame pembeni ya suruali, wakanipima kwa macho. Nikaachiliwa kwa kicheko hicho. Hakuna daktari aliyeulizwa, hakuna mkubwa aliyepigiwa simu.

Nikamuuliza adjudant, "Na Kalenga, mon adjudant? Zile ni chale za degedege. Ni bibi yake."

"Bibi iko wapi?"

"Alikufa."

Akapangusa machozi ya kucheka. "Basi naye alete suruali yake."

Waliniruhusu kuchukua shati langu kontenani. Kalenga alikuwa amekaa. Midomo imevimba, lakini utani haujamwisha. "Grand, unaenda? Na nani atatafuna polepole hapa?" Halafu akanishika kifundo cha mguu. "Pita kwa tante. Mwambie niko hapa. Usisahau, weye unapenda sana kukaa nyumba."

Njiani mama akaniuliza kama supu ilikuwa na chumvi ya kutosha.

"Supu gani?"

"Ya kuku. Niliachaka pa geti ile siku balinifukuza. Soda alisema atakupatia. Chungu alinirudishia tupu."

Sikuona supu, wakuu. Wala harufu yake.

Kwa shangazi yake nilikwenda. Anaitwa Tante Régine, analima matembele nyuma ya nyumba. Alikwenda kambini kueleza habari za bibi na degedege. Akaambiwa yeye ni damu moja na mtuhumiwa, neno lake halihesabiwi. Nilikwenda naye mara ya pili kama shahidi. Getini wakaniambia nishukuru Mungu wangu na suruali yangu, nirudi nyumbani. Baadaye wakaanza kusema jina hilo hawalijui.

Sasa ni miezi. Kila Jumapili, baada ya misa, Tante Régine anapika bukari na ndakala, wale samaki wadogo wakavu anaowapenda Kalenga, anapeleka getini. Wanapokea. Sufuria inarudi tupu. Anafurahi njia nzima. Ananiambia, "Anakula vizuri. Leo hakubakisha hata mufupa. Muntu mwenye kukula vile hayakufa bado."

Mafunzo nitayasema upesi. Kama umefanyiwa operesheni hii, jeshi usiende, kule chakula ni mbio na wewe huwezi mbio. Kama lazima uende, sema mapema, na uende na mtu anayekujua. Na ukiwa mstarini, usicheke na jirani yako. Hili la mwisho linaniuma kuliko mkanda.

Lakini sikufungua uzi kwa ajili ya mafunzo. Nimefungua kuwauliza, maana humu kuna watu wazima na kuna waliovaa magwanda.

Mimi najua nani anakula pale getini. Tante Régine hajui. Na mgongo umeanza kumsumbua, ameniomba Jumapili hii nimbebee sufuria.

Kutoka kwake mpaka kambini ni mwendo mrefu kwa mguu, na yeye anapenda kuongea. Nimwambie, au nibebe tu?

Karibuni. Hata wa kunitukana, aandike.