Kumchagulia Madam Mafungo

Mkataba wangu ulikwisha kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ikapita nikiwa bado natandika vitanda vya watu Al-Malqa, Riyadh. Kila nilipomkumbusha madam, alinijibu kwa upole kwamba nisubiri kiangazi. Kiangazi yeye angekwenda Almania, yaani Ujerumani, kutengeneza mgongo wake, watoto wangepelekwa kwa bibi yao Jeddah, nyumba ingefungwa, na mumewe, tuliyemwita baba, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, angenitolea ruhusa ya kutoka. Bila ruhusa hiyo nisingevuka hata dirisha la pasipoti uwanja wa ndege, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuitoa. Kwa hiyo kurudi kwangu Nyahururu kulitegemea mgongo wa madam. Mgongo wa madam ulitegemea yoga. Na yoga ilitegemea mahali, napo madam hakuweza kupachagua.

Akanipa mimi kazi hiyo.

"Wewe una chuo kikuu," aliniambia kwa ule mseto wetu wa Kiarabu na Kiingereza, akinikabidhi tableti yake. "Nitafutie. Mashambani, pawe kimya. Nisikutane na mtu wa Riyadh hata mmoja."

Ni kweli nilikuwa na shahada ya uchumi. Niliituma nakala yake kila ofisi ya Nairobi iliyokuwa na anwani, hadi nikachoka kuitengenezea nakala, ndipo wakala mmoja akaniambia kwamba Saudia hawaulizi shahada. Hakudanganya. Madam ndiye wa kwanza aliyewahi kuiulizia, na aliiulizia kwa sababu ya yoga.

Tovuti zenyewe zilikuwa nyingi, na neno walilotumia kwa Kiingereza mimi nililijua kwa Kiswahili kwanza: mafungo. Kanisani kwetu vijana tulipelekwa mafungo Limuru kila Agosti. Tulilala kwenye vitanda vya chuma, tukanyamaza kuanzia chakula cha jioni, tukaombewa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini neno hilo limezaliwa na kufunga. Al-Malqa nilikuwa na nafasi ya kujiuliza. Lango letu lilifunguliwa kwa rimoti, na rimoti ilikaa na dereva.

Mtu mwingine angechagua siku hiyo hiyo. Mimi nilisoma maoni ya wageni wote, nikianza na waliolalamika. Kulikuwa na nyumba ya wakulima ya zamani, yenye mbao nyeusi ukutani na ng'ombe mpaka dirishani, lakini mgeni mmoja aliandika kwamba godoro lake lilikuwa jembamba. Nikaona madam amelala juu yake, mgongo umekaza zaidi, anarudi na hasira, baba ananinyima ruhusa. Kulikuwa na nyumba iliyokuwa ya watawa, iliyozungukwa na msitu, nzuri kupita zote, ila msalaba ulibaki juu ya paa. Nikaikuza picha kwa vidole viwili kuona kama msalaba unaonekana kutoka chumba cha yoga. Kulikuwa na nyingine kando ya ziwa ambayo niliipenda mpaka niliposoma kuhusu chumba chao cha mvuke, kwamba wageni huingia humo pamoja, wake kwa waume, bila nguo hata moja. Nilizima tableti nikaifunika kwa kitambaa cha kupangusia vumbi, kana kwamba mimi ndiye niliyewavua.

Jikoni alikuwapo dada mmoja wa Msambweni, mpishi wa nyumba, aliyenizidi umri na miaka ya Riyadh. Aliniita msomi, na hakulitamka kwa heshima.

"Umefika wapi, msomi?"

"Kuna moja karibu na msitu. Lakini mtu ameandika kwamba jogoo wanawika alfajiri."

"Kwani huyu haamki alfajiri?"

"Anaamka, dada, lakini si kwa jogoo."

"Mpeleke kwa jogoo, nawe uende kwenu."

Nikamsomea nyingine. Wageni wa huko husaidia jikoni kila siku, wanasema ni sehemu ya yoga yenyewe.

"Husaidia nini?"

"Kumenya karoti. Kufagia."

"Na walipa?"

"Wanalipa sana."

Aliitazama karoti aliyokuwa nayo mkononi. "Basi mimi n'shakuwa bingwa wa yoga, na sijijui."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nawaza kama madam angekubali kumenya karoti, na kama asipokubali wangemrudisha kabla ya siku zake kwisha, na kama akirudishwa ningekuwa nimeshapanda ndege au la. Nilipomaliza kuwaza, nyumba ya msituni ilikuwa imejaa. Ile ya godoro jembamba nayo ikajaa. Nilianza tena na zilizobaki, na safari hii nikachagua upesi: nyumba nyingine ya wakulima, vyumba vya mtu mmoja, hakuna nyama, hakuna pombe, hakuna chumba cha mvuke, na mwalimu wake ni mwanamke. Madam aliitazama kwa muda ambao watu hutazama bei ya nyanya. "Hii nzuri," akasema. "Sasa tumwambie baba."

Siku hizo mwanamke hakusafiri bila idhini ya mumewe. Madam alikuwa amemweleza baba nusu nusu tu, mgongo, daktari, mazoezi, naye alitaka kujua hasa ni kitu gani. Alasiri moja, baada ya swala, waliketi sebuleni wakinywa kahawa. Mimi nilisimama na birika. Baba akauliza tena, na madam, ambaye nilijua anaogopa kwa jinsi alivyokuwa akizungusha pete, akanielekeza kwa kidevu.

"Muulize huyu. Yeye ndiye aliyesoma yote."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilihisi siku hiyo itafika, na usiku kabla yake nililitafuta neno mafungo kwa Kiarabu kwenye kamusi ya simu. Kamusi ilinipa neno moja fupi na nikalifanyia mazoezi bafuni.

"Ni khalwa, baba," nilisema.

"Khalwa."

"Ndiyo. Madam atakwenda khalwa Almania. Khalwa nzuri sana, mashambani. Watu kama ishirini hivi, wanaume na wanawake."

Niliongeza wanaume na wanawake ili asidhani ni mahali pa watu wachache, pa hatari. Baba alikiweka chini kikombe chake bila kukigonganisha na sahani. Hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha sauti miaka yote niliyokaa kwake.

"Nani amekufundisha neno hili?"

"Simu, baba."

Akamtazama mkewe, akanyanyuka, akasema "halas, mafi Almania," basi, hakuna Almania, akaenda kuvaa viatu.

Madam ndiye aliyenifafanulia, jikoni, akiwa ameegemea friji. Vitabuni neno lile ni la wacha Mungu wanaojitenga kuswali. Mjini ni kosa. Ni mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukutwa mahali pamoja, mlango umefungwa. Watu walitolewa mikahawani kwa khalwa, walishushwa magarini kwa khalwa. Kila mtu Riyadh alilijua kwa maana hiyo, isipokuwa mimi na kamusi yangu.

"Umemwambia mume wangu," alisema, "kwamba nitapanda ndege mpaka Ulaya nikafanye zinaa na watu ishirini."

Akacheka, kisha akaacha kucheka na kubaki ameshika mgongo. Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze, kwa maana mtu akikugombeza unaweza kumwomba msamaha, na baada ya msamaha unaweza kuuliza jambo lako. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kuuliza: kama hakuna Almania, nyumba haitafungwa, na kama nyumba haifungwi, mimi je?

"Mimi nilisikia halua," dada alisema madam alipotoka. "Nikasema kumbe Wazungu nao hupika halua." Aliponiona silii wala sicheki, akanisogezea kiti kwa mguu. "Keti. Umeponzwa na ulimi. Hata wenye Kiarabu chao huponzwa."

Baba alibadilisha mpango. Yeye angebaki Riyadh na kazi yake, dada angebaki kumpikia, na madam na watoto wangekwenda Jeddah kwa mama yake kiangazi chote. Mimi niende nao kuangalia watoto. Ruhusa ya kutoka haikutajwa, na mimi sikuitaja, kwa kuwa niliamini kila neno ninalolileta mbele ya baba litageuka kabla ya kumfikia.

Jeddah hewa ilikuwa kama kitambaa kilicholoweshwa. Mama yake madam, ambaye sote tulimwita hajja, alikuwa mjane mwenye magoti mabovu na simu tatu. Asubuhi madam alitandika mkeka sebuleni akajinyonganyonga akifuata video, nami nikiwazuia watoto wasimkalie. Siku ya tatu au ya nne hajja aliuliza habari za Almania, akasimuliwa yote, pamoja na khalwa. Alicheka mpaka akashika kifua, akaniita nisogee, akanifinya shavu.

"Nyote wawili hamna akili," alisema. "Mwanamume haombwi mazoezi. Anaombwa matibabu. Mimi na marehemu baba yako tulikwenda Almania kwa figo mara ngapi?"

Akampigia mkwe wake hapo hapo. Mgongo wa binti yangu, magoti yangu, maji ya moto, madaktari. Baba alikubali kabla hajja hajamaliza, ila wasiende wawili peke yao. Waende na yule msichana, amshike hajja mkono.

Yule msichana alikuwa mimi.

Nikapewa tena tableti. Sasa nilitafuta nyumba ya mashambani yenye sura ya hospitali, na hii niliipata kirahisi zaidi. Ilikuwapo moja, kijijini, yenye miti ya tufaha, bwawa la maji ya moto lenye saa za wanawake peke yao, daktari anayepita asubuhi, na yoga mara mbili kwa siku. Ngazi hazikuwa nyingi, na kuta zilikuwa na vyuma vya kujishikia. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyepasi mtihani. Madam alilipa jioni hiyo hiyo.

Siku iliyofuata aliniita chumbani kwa hajja.

"Ili upate viza, ikama yako lazima iwe hai," alisema, yaani kile kibali changu cha kuishi nchini. "Yako imekufa. Baba ataifanya upya, mwaka mmoja. Tukirudi tutazungumza habari ya kwenu. Unakubali?"

Niliwaza. Nikikataa, wangemchukua mtu mwingine, nami ningebaki na ikama iliyokufa, mtu ambaye askari yeyote angeweza kumkamata njiani, na baba angekuwa amekasirishwa mara mbili. Nikikubali, nimejifunga mwaka, maana hakuna anayelipia ikama ya mwaka kisha akamwachilia mtu baada ya wiki mbili. Lakini madam amesema tutazungumza. Lakini kuzungumza si kuruhusu. Lakini huenda huko Almania akapona, akawa na moyo mwepesi. Nilikuwa nikigeuza lakini ya nne au ya tano niliposikia hajja akicheka kitandani.

"Mwacheni. Mwari akiulizwa akanyamaza, ndiyo ridhaa yake."

"Basi amekubali," madam akasema, akaandika ujumbe.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kwamba niliufungua. Simu ya Riyadh ikajibu kwa mlio mdogo, na mambo yakawa yamekwisha.

Dereva wa hajja alinipeleka mtaa wa Sharafiya kupiga picha ya viza. Mpiga picha aliniambia nisitabasamu. Ikama mpya ikaletwa kutoka Riyadh ndani ya bahasha, ina picha yangu ile ile ya siku niliyoingia nchini, uso mnene kidogo. Jioni hiyo nilimpigia mama. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa jumuiya kwamba ninarudi, hata kuku wa siku hiyo alikuwa amemtenga.

"Kwa hiyo lini?" aliuliza.

"Mwaka mwingine, mama. Lakini kwanza naenda Ujerumani."

Nilimsikia akiwaambia walio karibu naye, na sauti za kushukuru zikajaa ndani ya simu. Hakuna aliyeuliza tena habari ya mwaka. Nilijaribu kulirudia neno hilo, salio likaisha.

Viza ya madam ilitoka. Ya hajja ilitoka. Yangu haikutoka. Karatasi ilisema kwamba haikuthibitika kuwa nina nia ya kurudi Saudia baada ya safari. Madam alinisomea kwa sauti, akasikitika kweli, akasema ni dhuluma, mtu mwema kama mimi, nani asiyejua kwamba ningerudi.

Walikwenda wao wawili, pamoja na binamu mmoja aliyepatikana haraka. Baba alikuwa ameshalipia bwawa na madaktari, hakuona sababu ya kusitisha. Watoto walibaki nami katika nyumba ya hajja, na dada mmoja wa hajja aliyekuja kulala usiku na kufunga mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni.

Katikati ya safari madam alinitumia picha. Ukungu, miti ya tufaha, hajja amevaa joho jeupe la kuogea akicheka na mwanamke wa Kizungu. Chini yake aliandika kwamba amelala usiku kucha bila maumivu, mara ya kwanza tangu azae. Kisha ujumbe wa pili: "Umechagua vizuri sana. Mwakani utatuchagulia tena."

Nilianza kumjibu. Niliandika habari ya ruhusa yangu, kwa adabu, nikaifuta kwa kuwa amepumzika na si vizuri kumharibia. Niliandika asante, nikaifuta kwa kuwa angeweza kuihesabu kuwa ndiyo. Niliwaza nisijibu kabisa, kisha nikakumbuka jinsi walivyokwisha kukisoma kimya changu. Mtoto mdogo aliniita anataka maji. Nilikwenda kumpa, simu mkononi, na kishale cha maandishi kikiwakawaka pale palipokuwa patupu.