Fundi Asiyetaka Kusikia "Mbovu"

Katika karakana ya fundi huyu wa kutengeneza cherehani, neno "mbovu" halipokelewi. Ukimwambia mashine yako ni mbovu, ataendelea kupangusa mafuta vidoleni kana kwamba hujaingia.

"Yai huwa bovu, ukalitupa," huwaambia wateja. "Jino huwa bovu, likang'olewa. Cherehani inakataa kitu fulani. Niambie inakataa nini."

Wengine huondoka wakisonya. Mkewe, anayeuza nyuzi na vifungo mlangoni, huwasindikiza kwa macho.

Wiki iliyopita aliingia shemeji yake, mdogo wa mkewe, mshonaji, amebeba kichwa cha cherehani begani. Meza na pedali alikuwa ameviacha nyumbani. Mteja wake alikuwa anaolewa kesho yake, na gauni halijapigwa pindo.

"Shemeji, mbovu hii. Tengeneza."

"Inakataa nini?"

"Inakataa kazi, kama wewe!"

Mkewe alicheka mpaka vifungo vikamwagika. Fundi hakucheka. Alikifunga kichwa kwenye meza yake mwenyewe, akashona kipande cha turubai. Mishono ikatoka imenyooka.

"Haina neno."

"Haina neno? Bibi harusi aende na pindo la pini?" Sauti ya shemeji ilianza kukatika. "Kitambaa chepesi inashona. Nikifika penye mikunjo, miguu yangu inakwenda, gurudumu linasimama!"

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo?" Fundi alikuwa tayari anatafuta koleo. "Umembeba mzima, mgonjwa umemwacha nyumbani. Twende."

Na kweli, walipokirudisha kichwa mezani nyumbani kwa shemeji, mkanda wa ngozi unaotoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Fundi aliupunguza, akauunga upya kwa waya. Shemeji akakanyaga. Sindano ikapanda mkunjo wa kwanza, ikashuka, ikaendelea.

Fundi akaanza kukusanya vifaa.

"Unakwenda wapi? Umenichelewesha kwa maswali. Kanawe mikono kwa sabuni, uje unishikie gauni lisiguse sakafu."

"Mimi?"

"Kwani unakataa nini, shemeji?"

Akaenda kunawa. Gauni lilikuwa zito, matabaka juu ya matabaka, na pindo lake halikwisha upesi. Bibi harusi alipokuja jioni kulijaribu, alimkuta fundi bado amelikumbatia, kidevu juu, akiogopa hata kupiga chafya.